Uzi wa kumbi la nazi na uzi wa chupa: kikaratasi kinasema nini, na kinanyamaza wapi

Katika maduka ya Mji Mkongwe, kuanzia Mtaa wa Gizenga hadi Shangani, mkoba au fulana siku hizi haiuzwi kwa rangi na bei tu. Ina kikaratasi kinachoning'inia, na kikaratasi kinaeleza kwamba imetengenezwa kwa chupa zilizookotwa, au kwa mianzi, au kwa mwani, au kwa plastiki itokanayo na mimea. Muuzaji naye anakazia: "Dada, hii haina madhara, asili tupu." Mgeni analipa zaidi, na wenyeji nao wameanza kuuliza kama kweli kuna tofauti.

Tofauti ipo, ila kikaratasi hujibu swali moja na kutuacha tudhani kimejibu matatu. Swali la kwanza: kaboni iliyomo ndani ya uzi imetoka wapi, kwenye mmea ulioota mwaka jana au kwenye mafuta yaliyochimbwa ardhini? La pili: malighafi ile ilishawahi kutumika, au ni mpya? La tatu: uzi ukichakaa, unaishia wapi? Majibu yake hayafuatani. Uzi unaweza kutoka shambani na bado usioze. Unaweza kutoka jaani na siku moja ukarudi jaani vilevile. Na unaweza kuwa mpya kabisa, haukuwahi kuwa kitu kingine, na ukawa ndio wenye afadhali kuliko yote.

Kwa anayeishi kisiwani, la tatu ndilo zito. Unguja na Pemba hakuna bonde la mbali la kutupia. Kinachotupwa Mkoani au Nungwi, mvua ikija kinaingia baharini, na bahari ndiyo shamba letu. Kwa hiyo katika makala haya nitakuwa nikilirudia swali hilo hata pale ambapo watengenezaji wangependa tuzungumzie mengine.

Uzi unaotengenezwa na tope

Kuna uzi ambao watu wa Jambiani na Bwejuu hawahitaji kikaratasi kuujua. Nazi zikishafuliwa kwenye kifuo, makumbi hupelekwa pwani maji yakiwa yamekupwa, yakachimbiwa shimo kwenye mchanga wenye tope, yakafukiwa na kugandamizwa kwa mawe ili mawimbi yasiyachukue. Hukaa humo miezi mingi. Wengine huyaacha hadi mwaka. Kisha wanawake huyafukua, huyapiga kwa mti mpaka unga wote utoke, huyaosha na kuyaanika. Kinachobaki ndio usumba.

Kinachotokea mle shimoni ni kemia ya hali ya juu, ila haina bomba wala pipa. Kumbi lina nyuzinyuzi ngumu na nyama laini inayozishikanisha. Nyama ile imejaa pektini, nayo ni chakula cha bakteria wasiohitaji hewa. Wakishafunikwa na tope wanaila taratibu. Nyuzinyuzi zenyewe hawaziwezi, kwa sababu zimejaa lignini, kitu kilekile kinachoipa mbao ugumu wake. Usumba una lignini ya asilimia 40 au zaidi, ilhali pamba ni kama haina kabisa. Ile harufu ya mayai viza inayokaribisha watu pwani makumbi yanapofukuliwa ni gesi yenye salfa ambayo bakteria hao huitoa wakiwa kazini. Maji ya bahari yanayojaa na kupwa huondoa uchafu, na chumvi haimsumbui mtu.

Lignini hiyohiyo ndiyo inayoufanya usumba ustahimili maji ya chumvi. Mitepe iliyobeba mizigo katika mwambao huu ilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na vitanda vya kamba vya bibi zetu vilitandwa kwa kamba hizo. Nyuzinyuzi za usumba si ndefu, nyingi ni za sentimita 10 hadi 30 hivi, lakini zikisokotwa kwa viganja hubanana na kushikana kwa msuguano. Uzi mmoja ukisokotwa kulia, nyuzi mbili zikaunganishwa kwa kusokotwa kushoto, kila msokoto unauzuia mwingine usifumuke. Huo ndio uzi wowote wa kusokotwa, wa kanga au wa kamba: vipande vifupi vilivyolazimishwa kushikana. Mashine za Manchester hazikubadilisha kanuni hiyo, ziliongeza kasi tu.

Sasa lipime kumbi kwa maswali matatu. Kaboni yake imetoka hewani kupitia mnazi. Ni taka ya jikoni, maana tui limeshakamuliwa na chakula kimeshaliwa. Na likiisha, linarudi ardhini. Linajibu yote, na halina kikaratasi hata kimoja.

Lakini hulivai. Unyuzi wa usumba ni mnene mara nyingi kuliko wa pamba, nao ni mgumu. Fulana yake ingekuwa adhabu. Jirani zetu wa Tanga wana katani, ambayo Mjerumani Richard Hindorf aliileta mwaka 1893 na miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari, nayo vilevile imebaki kwenye kamba, mazulia na magunia. Uzi wa mwili unataka unyuzi mwembamba na laini, na mimea inayotoa unyuzi wa namna hiyo moja kwa moja ni michache: pamba, kitani na wenzao wachache. Hapo ndipo viwanda vilipoingia na kusema, kama mmea hauna unyuzi laini, sisi tutauyeyusha na kuuunda upya.

Mmea uliopita kwenye tindikali

Mwaka 1892 Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, walisajili njia ya kuyeyusha selulosi ya miti. Selulosi ndiyo inayojenga kuta za kila mmea, na pamba karibu yote ni selulosi. Njia yao ilikuwa kuiloweka kwenye magadi makali, kuichanganya na kemikali iitwayo disalfidi ya kaboni mpaka iwe kama asali, kisha kuisukuma kupitia vitundu vidogo sana hadi ndani ya tindikali ya salfa, ambako inaganda na kuwa uzi. Huo ndio viskosi. Uzi wenyewe ni selulosi na huoza vizuri. Tatizo lilikuwa kwa wafanyakazi: mvuke wa disalfidi ya kaboni huharibu neva na akili, na viwanda vingi vilijua hivyo kwa miaka mingi kabla ya kujirekebisha.

"Nguo ya mianzi" inayosifiwa kwa ulaini kwa kawaida ni viskosi hii. Mianzi imeingia upande mmoja, selulosi imetokea upande wa pili, na sifa za mwanzi zimebaki kwenye tangazo. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashitaki wauzaji walioandika mianzi pale walipopaswa kuandika reyoni, ambalo ni jina jingine la jamii hiyo ya nyuzi. Siku hizi ipo njia safi zaidi, ya liyoseli, inayotumia kiyeyushi kisicho na sumu kali na ambacho kiwanda hukikusanya tena zaidi ya asilimia 99 na kukitumia upya. Ukiona kikaratasi kimetaja liyoseli, hapo pana jambo. Kikisema "mianzi" tu bila kueleza mianzi iligeuzwaje kuwa uzi, endelea kuuliza.

Na mwani je? Hili linatugusa, maana kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Mtu akisoma kwamba Ulaya wanauza nguo za mwani anafikiria Paje imepata soko jipya. Bado. Mwani tunaolima sisi, spinosum na cottonii, ni mwani mwekundu, na kinachotolewa ndani yake ni karajinani, ile ya kugandisha vyakula na dawa ya meno. Nyuzi za mwani zinazouzwa hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, ama kwa kuchanganya unga wake na selulosi, ama kwa kutoa aljinati yake, kitu kama gundi kilichomo ndani yake. Aljinati huyeyushwa majini, husukumwa kwenye vitundu, na inapoingia ndani ya maji yenye chumvi ya kalisi, yaani kalsiamu, hushikana papo hapo. Kalisi ndiyo pini inayofunga minyororo yake.

Pini hiyo ina udhaifu wake. Ukiufua uzi wa aljinati tupu kwa sabuni yenye magadi, sodiamu inaiondoa kalisi na uzi unayeyuka. Viwanda vya soksi vya Uingereza viliugeuza udhaifu huo kuwa faida: soksi zilifumwa zikiwa zimeunganishwa kwa uzi wa aljinati, zikaoshwa kwa sabuni, zikaachana zenyewe. Leo aljinati inatumika sana kwenye bandeji za vidonda. Mwani wa kahawia upo kwetu pia, sargassum unaotupwa ufukweni kila msimu, ila haulimwi, na kati ya rundo lile na kiwanda cha uzi kuna safari ndefu ya kemia. Simkatishi mtu tamaa. Nasema tu kwamba mwani wa Jambiani na fulana ya mwani ya Berlin si ndugu wa karibu.

Mmea uliogeuka plastiki

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na sidhani ni kosa lao. "Plastiki ya mimea" inasikika kama kitu ambacho kuku wangeweza kukila.

Chukua nailoni ya 11. Wafaransa waliitengeneza miaka ya 1940 kwa mafuta ya nyonyo, yaleyale wanayopaka watu nywele. Kaboni yake yote inatoka kwenye mbarika unaoota hata pembeni mwa barabara. Lakini mafuta yale yamepasuliwa, yakafungwa upya kuwa mnyororo mrefu, na mnyororo ule ni nailoni kamili, ngumu, isiyoliwa na bakteria kirahisi. Swali la kwanza imelijibu vizuri sana. La tatu imelishindwa kama nailoni nyingine yoyote.

Poliesta ya miwa ni hivyohivyo, tena kwa sehemu tu. Poliesta hujengwa kwa vitu viwili vinavyopishana, na kile chepesi, kiasi cha asilimia 30 ya uzito, ndicho kinachoweza kutengenezwa kwa sukari ya miwa kama ile ya Mahonda. Kilichobaki, asilimia 70, kwa kawaida ni mafuta ya petroli. Uzi unaotoka ni poliesta ileile, haiwezekani kuitofautisha kwa jicho, kwa mkono wala kwa namna inavyokaa baharini.

Ya tatu ni ile inayotokana na wanga wa mahindi au sukari, inayochachushwa kuwa asidi ya laktiki na kuunganishwa kuwa mnyororo. Kifupi chake cha kimataifa ni PLA. Hii kweli huoza, lakini inataka joto la nyuzi 60 hivi na unyevu, yaani lundo la mboji la kiwandani. Bahari yetu ikipata joto sana inafika karibu 30. Kwa hiyo ikiangukia Chwaka itabaki huko na wenzake. Na kwa mtu anayepiga pasi ya mkaa kuna onyo la ziada: uzi huu huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 na kuyeyuka kwenye 170 hivi, ilhali pasi ya kupigia pamba hufika 200.

Chupa na nyavu

Sasa zile chupa. Mwaka 2023 dunia ilitengeneza tani zipatazo milioni 124 za nyuzinyuzi za kila aina, na zaidi ya nusu ilikuwa poliesta. Chupa ya maji ni poliesta hiyohiyo, ndiyo maana inaweza kuwa uzi. Huchambuliwa, huondolewa kizibo na kibandiko, husagwa, huoshwa, hukaushwa na kuyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi, kisha husukumwa kupitia vitundu. Kukausha si mapambo: unyevu ukibaki, kwenye joto lile maji hukata minyororo na uzi hutoka dhaifu. Na kipande kidogo cha plastiki ya PVC kikijichanganya humo kinaungua mapema, kinatoa asidi na kulitia mzigo wote umanjano. Kuokota chupa ndio mwanzo. Kazi na gharama ziko kwenye kuchambua.

Faida yake ni ya kweli: hupunguza mafuta mapya na nishati. Lakini angalia mwelekeo. Chupa ingeweza kuwa chupa tena, mara kadhaa. Ikishakuwa fulana, hasa fulana iliyochanganywa na pamba na mpira wa kunyumbuka, njia karibu inaishia hapo. Nguo zinazorudi kuwa nguo duniani hazifiki hata asilimia moja. Tena kila ikifuliwa, inadondosha vijinyuzi visivyoonekana vya plastiki, na hapa hakuna cha kujali kama poliesta ni mpya au ya chupa. Maji ya beseni yanamwagwa uani, uani unaelekea mtaroni, mtaro unaelekea unakokujua.

Nyavu ni hadithi yenye matumaini zaidi, kwa sababu nailoni ya 6 ina tabia ya pekee: inaweza kuvunjwa kabisa hadi kwenye kijenzi chake cha mwanzo, kikasafishwa, na kujengwa upya bila kupoteza ubora. Kampuni ya Aquafil ya Italia inafanya hivyo kwa nyavu na mazulia katika kiwanda chake cha Ljubljana, Slovenia, tangu 2011. Sharti ni nailoni hasa. Kamba nyingi za wavuvi na wakulima wa mwani si nailoni, ni polipropilini au polithini. Mvuvi yeyote wa Kojani anaweza kuzitenga bila maabara: kata kipande, kitie kwenye ndoo ya maji ya bahari, kiminye mpaka hewa itoke. Nailoni na poliesta huzama. Polipropilini na polithini huelea.

Pamba nayo hurejelezwa kwa kuchanwa. Mwaka 1813 Benjamin Law wa Batley, Uingereza, alichana matambara ya sufu, yaani manyoya ya kondoo, akayasokota upya, na leo mji wa Prato huko Italia na Panipat huko India inaishi kwa biashara hiyo. Kikwazo ni urefu. Unyuzi mzuri wa pamba una milimita 25 hadi 30, na meno ya mashine huukatakata. Uzi wa vipande vifupi hukatika, hivyo huchanganywa na pamba mpya au, mara nyingi, poliesta. Njia ya kuyeyusha pamba chakavu iwe kama viskosi ipo pia, ila haijawa rahisi kibiashara: Renewcell ya Sweden, iliyofungua kiwanda kikubwa cha kazi hiyo mwaka 2022, ilifilisika Februari 2024, kisha ikanunuliwa na kuanza upya kwa jina la Circulose.

Hapa niseme ninavyoona. Kanga inayochakaa ikawa ya jikoni, kisha mbeleko, kisha winda, kisha dekio, imefanya kazi nzuri kuliko kiwanda chochote kati ya hivyo, maana haikukatwa, haikuyeyushwa wala kusafirishwa. Sharti ni iwe ya pamba. Kanga za poliesta zinazouzwa rahisi Darajani zinashindwa mapema kwenye safari hii: hazinyonyi maji, kwa hiyo si winda wala dekio, na mwisho wake ni jalala.

Nani anathibitisha?

Madai ya mmea yanapimika. Kila kiumbe hai hubeba kiasi kidogo cha kaboni ya 14, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Mafuta ya petroli yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, hayana hata chembe. Maabara ikipima uzi itajua ni asilimia ngapi imetoka kwenye mmea wa juzi na ngapi kwenye kisima. Madai ya chupa hayana kipimo cha uhakika cha namna hiyo: poliesta mpya na ya chupa ni kitu kimoja. Kinachobaki ni karatasi, yaani hati zinazofuata mzigo kutoka kwa mwokotaji hadi kwa mshonaji, na alama kama GRS, ya kimataifa ya bidhaa zilizorejelezwa, zinazokagua hati hizo. Karatasi ni nzuri kadiri mwenye kuikagua alivyo mwaminifu.

Dukani au nyumbani kuna kipimo cha kiberiti. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye upindo, zishike kwa kibanio mbali na nguo, uziwashe. Pamba, viskosi na liyoseli huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Ukiona jivu na tone kwa pamoja, ni mchanganyiko, na mchanganyiko ndio mgumu kuliko yote kurejeleza.

Kama ningeulizwa uzi wa mimea uanzie wapi hapa kwetu, nisingetaja fulana. Ningetaja taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu za mwani. Shamba moja lina maelfu yake, vyote plastiki, na kila dhoruba inavikata na kuvichukua. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa hiyo kikamba hakihitaji kudumu miaka mia. Kinahitaji kuvuka misimu michache ndani ya maji ya chumvi, kisha kioze. Usumba una sifa hiyo, na mashimo ya makumbi yako ufukwe uleule wa mashamba. Kinachokosekana kinajulikana. Usumba ni mkavu na mkali, unaweza kukata matawi laini ya mwani. Ni vigumu kuusokota mwembamba kwa mkono. Na siku ya kuufukua, kuupiga na kuusokota inamgharimu mama muda mwingi ambao taitai ya dukani haimdai. Kuulainisha na kuusokota mwembamba ni kazi ya mashine ndogo, na Wahindi wa Kerala wanazo za kusokotea usumba kwa miguu na kwa mota. Bei ya mwani wenyewe ikiendelea kuwa chini kama ilivyo, hakuna mkulima atakayeongeza hata shilingi kumi kwenye kikamba, na hilo halitatuliwi na kemia.